ICS: mfumo wa bure wa kuongozea dharura, na pengo lake moja

Incident Command System, au ICS, hauna bei. Fomu na miongozo yake hupakuliwa bure kwenye tovuti ya FEMA, shirika la dharura la Marekani. Ulizaliwa baada ya moto wa nyika wa California mwaka 1970, ulioua watu 16 na kuteketeza majengo 700 ndani ya siku 13. Vikosi vilivyofika havikuwa na redio za kusikilizana wala majina ya pamoja ya vifaa, na haikujulikana nani anamwamuru nani.

Uzuri wake ni kwamba unaichukulia nadharia kwa uzito. Herbert Simon, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 1978, alionyesha kuwa anayeamua hawezi kupima kila kitu: taarifa ni chache, muda mfupi, kichwa nacho kina kikomo. ICS imeligeuza hilo kuwa namba. Msimamizi mmoja apokee taarifa za watu 3 hadi 7, na 5 ndiyo idadi inayopendekezwa. Akifika wa nane, kitengo kigawanywe, hata kama msimamizi anaapa kwamba anamudu. Kwa kawaida yeye ndiye wa mwisho kujua kwamba amezidiwa.

Mkuu wa tukio hushika kazi zote hadi amkabidhi mtu kazi fulani. Hapa ndipo timu nyingi huharibu. Huchora chati nzima ya vyeo saa ya kwanza (operesheni, mipango, ugavi, fedha), kisha watu sita wanagawana visanduku kumi na vinne na kila mmoja anajikuta na wakubwa watatu. Kisanduku kisicho na kazi ya kufanywa sasa hivi kiachwe wazi.

Katika rundo la fomu, tatu ndizo zinazobeba mzigo. Ya 201 ina ramani ya mkono, muhtasari wa hali, malengo, hatua zilizochukuliwa na vifaa vilivyopo. Ndiyo ya kumkabidhi mkuu anayeingia zamu, uso kwa uso, kisha saa ya makabidhiano itangazwe kwa wote. Ya 202 ni ya malengo. “Kurejesha huduma haraka” si lengo. “Jenereta ya pili iwake kabla ya saa 12 jioni” ni lengo, maana saa 12 ikifika kila mtu ataona kama limetimia. Ya 214 ni kumbukumbu ya matukio kwa saa. Ikijazwa mwisho wa zamu kwa kukumbuka haina thamani: watu huandika walichopaswa kukijua, si walichokijua, na tathmini ya baadaye inajengwa juu ya mchanga. Nyingine zinaweza kusubiri.

Kipindi cha kazi (muda ambao mpango mmoja hutumika kabla ya kupanga upya) cha saa 12, kilichozoeleka kwa moto wa nyika, ni kirefu mno kwa mtandao uliokatika au hospitali iliyojaa ghafla. Anza na saa mbili, urefushe hali ikitulia.

Sasa pengo lenyewe. ICS inajibu vizuri swali la nani afanye nini, lakini inachukulia kwamba kinachotokea kinajulikana. Huko Mann Gulch, Montana, tarehe 5 Agosti 1949, kiongozi wa wazimamoto Wagner Dodge aliwasha moto mbele yake na kuwaita wenzake waingie kwenye majivu, ambako moto mkuu usingepata cha kuunguza. Alikuwa sahihi, akapona. Wenzake wote walikimbia, na watu 13 wakafa. Kiongozi alikuwepo na agizo lilitolewa. Lililokosekana ni uelewa wa pamoja, kama Karl Weick, mtafiti wa mashirika, alivyochambua mwaka 1993. Hakuna fomu ya ICS inayolazimisha kikosi kuhoji picha iliyo kichwani mwa mkuu.

Dawa ni mistari miwili ya kuongeza chini ya 201: “Tunadhani kinachotokea ni hiki, kwa sababu hii” na “Tukiona hiki, tumekosea.” Mstari wa pili uandikwe na aliye karibu zaidi na tukio, hata akiwa wa cheo cha chini, na mkuu azungumze wa mwisho. Akianza yeye, wengine watamkubalia tu.

Tunaupa 4 kati ya 5. Timu yenye watu chini ya wanne ichukue 201 na 214 tu, chati iachwe kabatini.