Semina ya kukaa na madogo wa elfu mbili kazini: asubuhi usingizi, mchana ndo mambo

Mlioniuliza kuhusu ile semina ya mameneja na wenye biashara iliyofanyika hapa Mwanza mjini, ya jinsi ya kuwasimamia vijana kazini, nimeenda na meneja wangu na haya ndo maoni yangu. Jina la waandaaji naliacha makusudi maana nna lawama kidogo na sitaki kesi. Mi nna mgahawa wa samaki upande wa Kirumba, wafanyakazi karibu wote wamezaliwa baada ya elfu mbili, kwahiyo nlienda na shida ya kweli, sikufata chai ya hoteli.

Bei elfu sitini kwa kichwa, ndani yake chai, msosi wa mchana na cheti. Ukumbi mzuri, ziwa unaliona lote, ila AC imewashwa kama tunahifadhi minofu ya sangara. Chapati za chai ya saa nne ziliisha kabla watu wa meza za nyuma hawajanyanyuka, hapo wajirekebishe.

Asubuhi alitupeleka kaka mmoja wa suti, slaidi juu ya slaidi, mara mabebibuma mara mamilenia mara majenzii, majina ya marika ya Kimarekani. Jamani. Hao bebibuma ni Wamarekani waliozaliwa 1946 mpaka 1964, vita kuu ya pili imeisha wanajeshi wamerudi makwao watoto wakazaliwa kwa fujo. Sasa mzee wa Magu aliyezaliwa 1955 hiyo inamhusu nini? Sisi ukitaka kutugawa marika tugawe kwa Azimio la Arusha, vita ya Kagera, enzi za mzee Ruksa, Rais Mwinyi, alafu ndo uje kwa hawa waliosoma shule za kata na kukua na hela za kwenye simu. M-Pesa imeingia hapa kwetu 2008, yaani dogo wa 2003 tangu anapata akili anaona hela inatoka Dar inaingia kwa mama yake hapo hapo, sa we ukimwambia mshahara ntakutafuta wiki ijayo mambo hayajakaa sawa, anakuona muongo tu. Hilo kwenye slaidi halikuwepo, mi na meneja wangu ndo tulikuwa tunanong'onezana.

Mchana akaingia Madam mmoja, kafanya kazi ya utumishi kwenye viwanda vya samaki miaka mingi, kitu cha kwanza akazima projekta. Akauliza nani ana kero. Mzee mmoja mwenye duka la spea Nyakato akasimama, analalamika madogo hawana uvumilivu, ukimfokea kidogo tu kesho haji, anakuaga kwa wasap alafu anakublok.

Madam akamuuliza taratibu, "Mzee wangu, siku unamwajiri ulimwambia anatoka saa ngapi?"

"Anatoka kazi ikiisha."

"Na kazi inaisha saa ngapi?"

Mzee kimya. Ukumbi mzima ukacheka, ila nawaambia ni kicheko cha watu wanaojuana, maana nani pale alikuwa na jibu.

Toka hapo tukaenda kwenye makato, na hapa ndo elfu sitini yangu ilirudi. Migahawa mingi hapa sahani ikivunjika mhudumu anakatwa, mteja akisepa bila kulipa mhudumu anakatwa, na tunaona ndo utaratibu. Kumbe Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka huo uharibifu uwe umetokea kazini na kwa kosa lake, umpe maandishi yanayoonyesha ni nini na hesabu umeipataje, umpe nafasi ya kujitetea, na hata ukikata usivuke robo ya mshahara. Watu wakaanza kuinamia simu. Sheria hiyo hiyo inasema kazi ya kawaida isizidi saa 45 kwa wiki, mapumziko ya saa 24 mfululizo kila wiki, na anayefanya kazi kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi aongezewe angalau asilimia 5 kwa kila saa. Madam anasema dogo anakuitikia poa bosi, ila ana simu, sheria ameshaisoma, na ofisi ya CMA, ile tume ya usuluhishi na uamuzi wa migogoro ya kazi, anaijua ilipo.

Kingine alichosema nlikipenda, japo nacho kimetoka Marekani, kwa mwanasaikolojia Frederick Herzberg mwaka 1959: kumlipa mtu kwa wakati na kutomfokea mbele ya wateja hakumpi moto wa kazi, kunamtoa kinyongo tu. Moto unatoka kwenye kazi yenyewe, kupewa kitu akisimamie kionekane ni chake. Tuliporudi meneja akaanza kubandika ratiba ya zamu jikoni mapema kabla wiki haijaanza, na dogo wa kaunta, ambaye tulikuwa tunagombana nae kila siku kuhusu simu, tukamwachia ukurasa wa TikTok wa mgahawa, anapiga video sato anavyogeuzwa kwenye mkaa, bando nalipa mimi. Kuchelewa hakujaisha nisiwadanganye, lakini zile simu za Jumapili asubuhi za bosi tumbo linanisumbua zimepungua sana.

Lawama yangu kubwa ni kwamba semina nzima waliongelea mtu wa mshahara wa mwezi. Hapa kwetu vijana wangapi ni deiwaka? Nenda Mwaloni, soko la samaki na dagaa, uone, anapakua dagaa leo analipwa leo, kesho yupo kwa tajiri mwingine. Mama mmoja mwenye mabanda ya dagaa aliuliza huyo namshikaje asihame msimu ukichanganya, akajibiwa tutaligusa mbeleni. Halikuguswa. Kwa mji wa samaki kama huu hiyo ni aibu. Na cheti wameniandika jina la meneja, yeye wakamwandika langu.

Nawapa nyota tatu na nusu kwa tano, zote za Madam. Wakirudia nendeni na meneja au supavaiza wako maana yeye ndo anashinda na hao madogo, bebeni sweta, na mkiweza ombeni mlipie mchana peke yake. Mi nliomba wakakataa.