Filamu Nne Zilizopita Ukumbini, Zikipimwa kwa Sikio

Picha za kutazama zimejaa kwenye simu na runinga zetu, kwa hiyo mtu anayelipa kiingilio cha sinema siku hizi analipia giza, skrini pana na, zaidi ya yote, sauti ambayo nyumbani hawezi kuipata bila kugombana na majirani. Kwa kigezo hicho cha sauti nimezipima filamu nne za mwaka 2024 na 2025, ambazo ni "Conclave", "Mufasa: The Lion King", "Flow" na "Sinners". Zote nimezitazama ukumbini, ingawa si katika ukumbi mmoja wala kwa spika za ubora mmoja, na jambo hilo limechangia maoni yangu kuliko nilivyotarajia.

"Conclave", iliyoongozwa na Edward Berger kutokana na riwaya ya Robert Harris, kwa maelezo mafupi ni filamu ya wazee waliovaa majoho mekundu wakinong'onezana kwenye ngazi na korido. Baba Mtakatifu amefariki, na Kardinali Lawrence, Dekano wa Baraza la Makardinali, anayeigizwa na Ralph Fiennes, amebebeshwa kazi ya kusimamia uchaguzi wa mrithi wakati ambapo yeye mwenyewe hata kusali kumemwia vigumu. Hakuna mbio za magari wala ngumi. Kinachopiganiwa ni kura, na silaha ni maneno yaliyopimwa. Nilihofia kuwa saa mbili za namna hiyo zingenichosha, lakini mafundi wa sauti wa filamu hii wamefanya kazi ya ajabu. Pumzi za Lawrence zimenaswa kwa karibu kiasi kwamba mtazamaji anazisikia kabla hajamwona, kama vile amekaa naye ndani ya kitubio. Unasikia nta ikimiminwa juu ya utepe wa mlango uliofungwa, mwavuli ukifunguliwa, na sindano ikitoboa karatasi za kura ili zitungwe kwenye uzi mwekundu. Vatikani hairuhusu filamu za kuigiza kupigwa ndani ya Kikanisa cha Sistina, hivyo kikanisa chote kilijengwa upya katika studio za Cinecittà mjini Roma, na ninaamini kuwa ni ule uhuru wa studio uliowawezesha kuweka vinasa sauti karibu namna ile.

Filamu hii inahitaji ukumbi ulionyamaza, na hapo ndipo penye taabu. Wengi wetu tumejifunza sinema kwenye vibanda umiza, ambako mfasiri wa aina ya Lufufu wa Tanzania au DJ Afro wa Kenya huzungumza juu ya picha mwanzo hadi mwisho, na watazamaji humjibu. Utamaduni huo naupenda na siufanyii dharau, lakini "Conclave" ingekufa mikononi mwake, kwa maana nusu ya hadithi imo katika yale ambayo makardinali wanaacha kuyasema. Katika onyesho nililohudhuria simu mbili ziliita wakati wa kura, na mwenye moja alipokea na kueleza kwa utulivu kabisa kuwa yuko sinema.

Kwa msomaji wa Kiswahili, mwigizaji wa kumtazama kwa makini ni Lucian Msamati, ambaye wazazi wake ni Watanzania. Anacheza Kardinali Adeyemi wa Nigeria, mtu mwenye kifua kipana na sauti nzito, anayeanza uchaguzi akiwa na kura za kutosha kumfanya aamini kuwa kiti ni chake. Tukio ambalo matumaini yake yanaporomoka ni fupi, naye Msamati analibeba kwa kuishusha sauti ile nzito taratibu hadi inakuwa ya mtoto anayebembeleza. Ni uigizaji mzuri mno, lakini nililalamika moyoni. Kati ya wagombea wote wenye doa, Mwafrika ndiye anayeanguka mapema, na doa lake ni la mwanamke wa zamani, huku wenzake wa Ulaya na Amerika Kaskazini wakipewa makosa ya hila na tamaa ya madaraka. Mwandishi angeweza kugawa aibu hizo kwa namna nyingine, na filamu isingepungukiwa na kitu. Isabella Rossellini, katika nafasi ya mtawa Agnes, ana maneno machache kuliko wanaume wote, lakini anapoyatamka mbele ya makardinali ukumbi wetu uliguna kwa kuridhika. Kasoro nyingine ni muziki wa Volker Bertelmann, ambao nyuzi zake nzito hupigwa kwa nguvu kila fumbo jipya linapotokea, kana kwamba hatungeshtuka bila kuamriwa.

Bahati, ikiwa neno hilo linafaa mahali pa msiba, iliifanya filamu hii izungumziwe upya Papa Fransisko alipofariki tarehe 21 Aprili 2025 na makardinali halisi, akiwemo Protase Rugambwa wa Tabora, wakakusanyika kumchagua Leo wa 14 mwezi uliofuata. Waliokwenda kuitazama baada ya hapo wakitafuta somo la liturujia watapata taratibu nyingi zilizochorwa kwa uangalifu, ila mwisho wake ni wa mwandishi wa riwaya za kusisimua, nao unakuja ghafla mno baada ya filamu iliyokuwa ikitembea kwa subira.

Kuhusu "Mufasa" nitasema machache. Barry Jenkins ni muongozaji ninayemheshimu sana, na kwa namna anavyoizungusha kamera kwenye mafuriko yanayomtenganisha Mufasa mdogo na wazazi wake, mtu anaona mkono wa msanii. Lakini simba hawa wameundwa kwa kompyuta wafanane na simba halisi, na simba halisi hana uso wa kuimba. Midomo inafunguka, wimbo unatoka, macho hayana habari. Nyimbo za Lin-Manuel Miranda ni nyepesi. Ule wa ndugu wawili, Mufasa na Taka, ndio pekee ambao watoto waliokaa mbele yangu walitoka nao mdomoni. Kila hadithi inapoanza kuchemka, Timon na Pumbaa, nguchiro na ngiri wa vichekesho, wanaikatiza kwa mzaha, nami nikajikuta natamani nyani Rafiki, mwenye sauti ya mzee John Kani wa Afrika Kusini, aachiwe asimulie hadi mwisho. Filamu imetolewa kwa kumbukumbu ya James Earl Jones, aliyekuwa sauti ya Mufasa mwaka 1994 na 2019 na aliyefariki mwaka 2024, na ukumbusho huo unaipa filamu mzigo ambao waigizaji vijana hawakupaswa kubebeshwa. Mpeleke mtoto akilia. Usipolazimishwa, itazame nyumbani.

Ajabu ni kwamba filamu nyingine ya wanyama, iliyotengenezwa kwa fedha kidogo sana na isiyo na neno hata moja, ilisema mengi zaidi. "Flow" ya Gints Zilbalodis inatoka Latvia, imeundwa kwa Blender, programu ambayo mtu yeyote anaweza kuipakua bure, na mwezi Machi 2025 iliipatia nchi hiyo tuzo yake ya kwanza ya Oscar. Paka mweusi anakimbia maji yanayopanda hadi kumeza msitu na magofu ya mji, kisha anajikuta kwenye mashua pamoja na mbwa, kima wa Madagaska anayependa kukusanya vitu vinavyong'aa, ndege karani na kapibara, yule mnyama wa Amerika Kusini anayefanana na panya mkubwa mvivu. Hawasemi. Wanalia, wanabweka, wanakoroma, na sauti hizo zimerekodiwa kwa wanyama halisi, isipokuwa kwamba sauti ya kapibara haikufaa na ikabidi ndama wa ngamia amsaidie. Niliitazama katika ukumbi mdogo usio na kiyoyozi cha kujivunia, tena skrini yenyewe haikuwa pana, na hata hivyo mlio wa maji yanayopanda ulizunguka kutoka spika za nyuma hadi za mbele kwa namna iliyomfanya jirani yangu ainue miguu. Picha zake si laini kama za kampuni kubwa; manyoya ya paka yanaonekana kama yamepakwa kwa brashi. Hilo halikunisumbua hata kidogo. Wazazi wa watoto wadogo wajiandae tu kwa maswali, kwa kuwa filamu haielezi binadamu wamekwenda wapi.

Sasa niifikie "Sinners", ambayo kwangu ndiyo sababu ya makala haya yote. Ryan Coogler ameiweka Clarksdale, Mississippi, mwaka 1932, na karibu yote inatendeka ndani ya mchana mmoja na usiku wake. Mapacha wawili, Smoke na Stack, wote wakiigizwa na Michael B. Jordan, wamerudi kutoka Chicago na fedha zisizoulizwa zimetoka wapi, wananunua kiwanda kikuukuu cha kupasulia mbao kutoka kwa mzungu, na kukigeuza ukumbi wa pombe, muziki na dansi kwa ajili ya watu weusi wanaoshinda kwenye mashamba ya pamba. Binamu yao Sammie, mtoto wa mchungaji, ni mpiga gita wa bluzi, muziki wa Wamarekani weusi, mwenye kipaji ambacho baba yake anakiona ni mlango wa shetani. Msomaji aliyekulia karibu na kwaya, akamwona mwimbaji bora wa kwaya hiyo akihamia bendi ya dansi na jina lake likaacha kutajwa kanisani, hatahitaji kuelezwa ugomvi huo.

Saa nzima ya kwanza inapita kabla ya mumiani, wanyonya damu wanaouvamia ukumbi huo, kuonekana kwa ukamilifu, na wapo waliolalamika kuwa ni ndefu. Mimi ndiyo ninayoipenda zaidi. Ndani yake kuna tukio la garini ambapo Delta Slim, mpiga piano mlevi anayeigizwa na Delroy Lindo, anasimulia jinsi rafiki yake alivyouawa na kundi la wazungu. Kamera inabaki usoni mwake, hatuonyeshwi chochote cha mauaji hayo, lakini nyuma ya maneno yake sauti za siku ile zinaanza kusikika kwa mbali, na anapofika mahali ambapo maneno yamemwishia, anaguna, anapiga gari kwa kiganja, na mguno huo unageuka wimbo. Sijawahi kuona filamu ikieleza asili ya bluzi kwa ufupi na ukweli wa namna hiyo.

Kisha Sammie, anayeigizwa na Miles Caton, anaimba ukumbini, na muziki wake unaita waliokufa pamoja na ambao hawajazaliwa: mpiga ngoma wa Afrika Magharibi, mpiga gita la umeme, kijana wa kuchezesha santuri, wachezaji wa opera ya Kichina, wote wanaingia katika dansi moja bila mtu yeyote kushangaa. Ludwig Göransson, mtunzi wa muziki wa filamu hii, amezipanga sauti hizo zipokezane bila kufunikana, na besi ilipoingia nilihisi kiti kikitikisika. Mtu akiisimulia hivi inasikika kama upuuzi. Ukumbini, watu walipiga makofi katikati ya filamu.

Mumiani wenyewe, wakiongozwa na Remmick wa Jack O'Connell, nao wanakuja na muziki, nyimbo za Ayalandi zenye banjo na kucheza kwa miguu, nazo ni nzuri kiasi cha kutia wasiwasi. Remmick ni mtu ambaye nchi yake pia ilitawaliwa na wageni, na anachokitaka kwa Sammie ni kipaji kitakachompatia tena watu wake aliowapoteza. Jambo hilo linamfanya awe adui wa kusikilizwa, si wa kukimbiwa tu. Sheria ni kwamba hawawezi kuingia bila kukaribishwa. Kwetu sisi tuliofundishwa kuwa hodi isiyojibiwa ni utovu wa adabu, matukio ya mlangoni yanatisha zaidi ya damu yote inayofuata, na wazee waliosikia habari za wazimamoto wa zama za ukoloni kunyonya watu damu hawataiona hadithi hii kuwa ngeni.

Theluthi ya mwisho inapungua nguvu. Mapigano yanaharakishwa, watu tuliowafahamu kwa subira wanakufa kwa mkupuo, na familia ya wenye duka Wachina, iliyoanza kwa kuvutia sana, inatumika kama kifungua mlango wa vurugu. Wawindaji wa Kichoktaw, wenyeji wa asili wa Marekani, wanaotokea mapema wakiwa na taarifa muhimu wanaondoka na hatuwaoni tena. Wunmi Mosaku, katika nafasi ya Annie, mganga na mke wa Smoke, alistahili nafasi kubwa kuliko aliyopewa, maana kila anapozungumza Michael B. Jordan anaigiza vizuri zaidi.

Mpiga picha Autumn Durald Arkapaw alitumia mikanda ya milimita 65, ikiwemo ya IMAX, mfumo wa picha za skrini kubwa mno, na kumbi za kawaida haziwezi kuonyesha urefu wote wa picha hizo. Chagua basi ukumbi kwa spika zake, na ukae katikati, mbali na ukuta. Majina yanapoanza kupita usinyanyuke, kwa sababu filamu haijaisha: linafuata tukio refu la mwaka 1992 ambamo anaonekana Buddy Guy, mpiga gita halisi wa bluzi aliyezaliwa Louisiana mwaka 1936, na baada ya majina yote kuna wimbo mmoja wa kanisani. Katika ukumbi niliokuwepo taa ziliwashwa kabla ya wimbo huo na wafagiaji wakaingia na mifuko yao ya kukusanya makopo ya bisi. Tuliobaki tuliomba taa zizimwe, na zikazimwa.