Titi la uwele la fundi wa Majengo: nimelivaa, haya ndiyo maoni yangu

Nianze na bei, maana najua ndiyo mtakayouliza kwanza. Sidiria yenye mfuko wa ndani shilingi 18,000, titi lenyewe la bandia 12,000. Ukichukua sidiria mbili anapunguza. Fundi ni mama wa Kigogo, ana cherehani yake nyuma ya soko la Majengo hapa Dodoma. Jina lake silitaji kwa sababu hakuniomba nimtangaze.

Niliondolewa titi la kushoto pamoja na matezi ya kwapani kwa sababu ya saratani. Tangu hapo nikawa nasokomeza soksi, baadaye sponji ya godoro niliyoikata mwenyewe kwa kisu. Sponji ni nyepesi, haitulii. Ukiinua mkono inapanda, ukiinama kuchochea moto inakuchungulia kwenye shingo ya gauni. Mimi ilinidondokea msibani Kizota, tukichambua mchele na kina mama. Tulicheka mpaka mfiwa naye akacheka. Ila bega lilikuwa linaniuma kila jioni, maana upande mmoja una uzito na mwingine hauna kitu, na mwili unapinda polepole bila mwenyewe kujua.

Yale ya silikoni yanayotoka nje nimewahi kuyashika. Ni mazuri, sitadanganya. Lakini kwa bei yake nalipa ada ya mtoto, na joto letu la Novemba, kabla mvua haijaanza, si la kuvaa silikoni kutwa. Tena mimi nameza tamoxifen, vile vidonge vya saratani ya matiti. Wanaoimeza wananielewa: umekaa zako kivulini, mara joto linakupanda kifuani hadi utosini, unatafuta khanga ya kujipepea.

Hili la fundi wangu nje ni kitambaa cha pamba, ndani nyuzi laini za kujazia mito, na katikati kabisa kuna kifuko cha uwele. Ndiyo, uwele huu huu tunaosaga unga wa ugali. Anaukaanga kwanza bila mafuta ili ukauke, wadudu wasiingie. Punje zinateleza zenyewe: ukisimama linashuka, ukilala chali linatandazika. Nimelivaa kwaya, tunapiga makofi na kuyumba, halikusogea.

Sasa siku ya vipimo. Amefunga pazia la kitenge kwenye kona, kuna kioo kirefu kilichopasuka pembeni. "Mbukwa," akanisalimia, halafu, "Vua tu mama, hapa tuko wanawake." Nilivua nimegeukia ukuta, kiganja juu ya kovu. Hakusema pole. Wala hakuniambia nimshukuru Mungu, kauli niliyoambiwa na kila mtu tangu dripu ya kwanza ya kemo, na mara nyingi anayeisema anataka unyamaze. Akautoa mkono wangu taratibu, akaangalia, akaanza kuuliza maswali ya kazi. Unalalia upande gani? Kwapani panachoma? Mkono unainuka mpaka wapi?

Akanivisha sidiria, akachukua kopo la Blue Band lenye uwele, akawa anaongeza kijiko, anarudi nyuma kuangalia mabega yangu kwenye kioo, anaongeza kingine. "Simama kawaida, usijikaze." Kumbe nilikuwa nimesahau kusimama kawaida. Mabega yalipolingana alisema "haya" na kufunga kifuko kwa uzi. Hapo nikashukuru kwa sauti, bila kuambiwa na mtu, mpaka fundi wa jirani akafunua pazia kuuliza kuna nini.

Niseme na hili, hata kama mmekuja kusoma habari za sidiria. Kabla ya ugonjwa nilikuwa mtu wa kutoa tu. Mweka hazina wa kikoba, mkali wa faini, sikujua kuomba hata chumvi. Sasa ndoo ya maji nabebewa na kijana wa jirani, kwa kuwa huu mkono wa kushoto umeshawahi kuvimba na siubebeshi tena mzigo. Nilipokwenda kupigwa mionzi Ocean Road, hospitali ya saratani Dar es Salaam, nauli walinichangia wale wale niliokuwa nawatoza faini. Leo najua watoto wao kwa majina na nani anasumbuliwa na presha. Siusifu ugonjwa. Ningeulizwa, ningebaki na titi langu na kiburi changu. Daktari hajatamka neno kupona, nami nimeacha kumdai.

Kasoro zipo. Mshono wa upande wa kwapa ni mgumu, na kwetu tuliokatwa pale ndipo ngozi inapouma. Mwambieni mapema augeuzie nje. Rangi ni nyeupe na nyeusi tu. Siku ya kufua lazima ufumue kifuko cha uwele ukitoe, maana kikilowa utavuna, halafu ushone upya. Nimemshauri aweke zipu ndogo, amesema atafikiria. Na ahadi zake ni za fundi: akikwambia Jumanne, nenda Ijumaa.

Usiende na kidonda kibichi. Hilo zito la uwele linasubiri mpaka mshono upone kabisa, na kama umepigwa mionzi, mpaka ngozi itulie. Waulize kliniki kwanza. Kwa kipindi hicho anashona jepesi la nyuzi tupu, shilingi 5,000.

Jumamosi hafungui, ni Msabato. Beba sidiria yako unayoipenda ili aige kipimo chake. Na ukifika usiulizie fundi wa matiti, utazungushwa soko zima. Ulizia mama anayeshona majoho ya kwaya.