Bodi ya Kwanza ya Mikrokontrola kwa Anayejifunzia Nyumbani: Ipi Itangulie?

Mkazi wa Kisumu, Kakamega au Nakuru anayetaka kujifunza kuprogramu mikrokontrola, yaani kompyuta ndogo ya chipu moja inayoongoza vifaa kama taa na vihisi, kwa kawaida hulinganisha bei za bodi tu, akasahau kwamba programu za kompyuta anazozihitaji, ingawa ni za bure, hupakuliwa kwa bando, na kwamba bodi yenyewe mara nyingi hulipiwa nauli ya kifurushi kutoka Nairobi. Kwa sababu hiyo nimezipanga bodi hizi kwa kuangalia ni ipi itakayowahi kuwasha taa ya kwanza kwa kutumia kompyuta kuukuu na intaneti ya simu.

Nafasi ya kwanza naipa Raspberry Pi Pico, iliyozinduliwa mwaka 2021 kwa dola 4, bei ambayo bila shaka huongezeka ikifika huku. Ukishikilia kitufe cha BOOTSEL huku ukichomeka kebo, kompyuta huiona bodi kama flashi. Unanakili humo faili moja dogo la MicroPython, yaani lugha ya Python iliyopunguzwa kwa ajili ya mikrokontrola, kisha unaandika programu zako kwa Thonny, programu ya kompyuta ya kuandikia Python, ambayo ni huria na ilianzia Chuo Kikuu cha Tartu nchini Estonia. Kila amri inaweza kujaribiwa peke yake, na kosa huonekana papo hapo. Pico ya kawaida huuzwa bila pini, yaani vijiti vya chuma vya kuunganishia waya. Agiza Pico H iliyokwisha kuchomelewa pini, au umpelekee fundi wa simu aliye karibu nawe. Zingatia pia kwamba pini zake ni za volti 3.3. Anayetaka kupima maji ya tangi kwa kihisi cha HC-SR04, kinachopima umbali kwa mawimbi ya sauti na kurudisha volti 5, aweke vipinga (resistors) viwili, cha kiloohmu 1 na cha kiloohmu 2, ili kuipunguza volti hiyo kabla haijaingia kwenye bodi.

Arduino Uno R3 naiweka ya pili, japo walimu wengi wangeitanguliza. Ni ya volti 5, ni vumilivu, na ile yenye chipu ndefu ya ATmega328P iliyokaa kwenye soketi hukuruhusu kubadilisha chipu pekee ikiungua. Kumbukumbu yake ya kufanyia kazi, hata hivyo, ni kilobaiti 2 tu, ilhali Pico ina 264. Nakala za bei nafuu ni halali, kwa kuwa michoro ya Uno iko wazi, na nyingi hutumia chipu ya CH340 kwa mawasiliano ya USB. Kwenye kompyuta yenye mfumo endeshi wa Ubuntu 22.04 chipu hiyo huweza kunyakuliwa na brltty, programu ya vifaa vya Braille. Asiyetumia vifaa hivyo aiondoe.

ESP32 ina Wi-Fi na Bluetooth, na kwa uwezo inazishinda zote mbili, lakini iwe ununuzi wa pili. Kuiandalia Arduino IDE, programu ya kompyuta ya kuandikia na kupakia programu kwenye bodi, hupakua mamia ya megabaiti, na redio yake inapotuma data huvuta umeme mwingi kiasi kwamba mlango dhaifu wa USB huifanya bodi ijiwashe upya ovyo.

ATtiny85, chipu ndogo ya mikrokontrola, iachwe kwanza, kwani kwa kawaida huhitaji kifaa cha pembeni cha kuipakia programu.

Bodi yoyote utakayochagua, mwombe muuzaji aijaribu kebo kwa kompyuta mbele yako, kwa maana kebo nyingi huchaji tu bila kupitisha data. Watumiaji wa Ubuntu nao wajiongeze kwenye kundi la dialout, yaani kundi la watumiaji wanaoruhusiwa kuwasiliana na bodi, watoke na kuingia tena, kabla ya kuilaumu bodi.