chrony kwenye seva: makini na dakika za kwanza baada ya kuwashwa

Kwa seva za Linux, tunaipendekeza chrony kuliko systemd-timesyncd; zote ni programu za kusawazisha saa ya mashine kupitia mtandao. Timesyncd huuliza chanzo kimoja tu cha muda na kukiamini. Chrony huuliza kadhaa na kukitenga kinachopotosha. Tofauti hiyo huonekana zaidi seva inapowashwa. Betri ya ubao mama ikiisha, mashine huweza kuamka ikidhani bado ni miaka ya nyuma, na hifadhidata ikiwahi kuandika kabla saa haijarekebishwa, rekodi mpya zitaonekana nzee kuliko zilizotangulia.

Kwenye faili la usanidi la chrony, mstari wa kuuelewa ni `makestep 1.0 3`. Kosa likizidi sekunde 1, saa hurukishwa papo hapo, ila katika masahihisho matatu ya mwanzo tu. Baadaye huvutwa polepole. Usiweke `-1` mahali pa 3: saa itaruhusiwa kuruka wakati wowote, hata miamala ikiendelea.

Kuruka huko kuna hatari yake. Kwa chaguo-msingi `minsources` (idadi ya chini ya vyanzo vinavyohitajika kabla saa haijarekebishwa) ni 1, yaani chanzo kimoja kibovu kinatosha kuipeleka saa pabaya. Weka vyanzo vinne na `minsources 3`. Kila kimoja kiwe na `iburst`, ili maswali ya kwanza yatumwe kila baada ya sekunde 2, si 64.

Kinachotuudhi ni kwamba chronyd (huduma yenyewe ya chrony) ikishaanza, systemd, programu inayoanzisha huduma za Linux, huihesabu kuwa tayari hata kama hakuna jibu lolote lililorudi. Dawa ipo, `chrony-wait.service`, lakini mara nyingi huja ikiwa imezimwa. Iwashe kwa `systemctl enable chrony-wait`. Itasubiri hadi kosa lililobaki liwe chini ya sekunde 0.1. Kisha kwenye faili la huduma ya hifadhidata andika `After=time-sync.target`, ili ipangwe nyuma ya usawazishaji wa saa.

Wengi huishia hapo, na hapatoshi. `After` hupanga foleni tu: muda wa kusubiri ukiisha (kwa kawaida sekunde 180), hifadhidata itaanza vilevile na saa yake mbovu. Ongeza `Requires=chrony-wait.service`. Ndiyo, mtandao ukikatika haitaanza kabisa, lakini kwa data ya fedha afadhali huduma isimame kuliko kumbukumbu zivurugike.

NTS, ulinzi wa kuhakikisha kuwa majibu ya muda ni halisi, ina mtego wake: seva yenye saa ya zamani huviona vyeti (vitambulisho vya kidijitali vya vyanzo vya muda) kuwa bado havijaanza kutumika, huvikataa, na hivyo haipati saa ya kuvithibitisha. Anza na `chronyd -s`: saa ya maunzi ikiwa nyuma sana, programu hutumia tarehe ya mwisho ya kuandikwa kwa `driftfile`, faili ambamo chrony huweka kipimo cha jinsi saa inavyopotoka. `nocerttimecheck 1`, inayozima ukaguzi wa tarehe za vyeti, hutatua pia, ila huachia cheti kilichokwisha muda kipite kabla ya sahihisho la kwanza, kwa hiyo isitumike bila `minsources` ya juu.

Thibitisha kwa `chronyc tracking`: `Leap status` isome `Normal`.