Nimehamia openSUSE Tumbleweed, na hii ishu ya snapshoti lazima muione

Haya jamani karibuni tena kwenye chaneli, leo sina maneno mengi ya kuanzia maana kuna kitu nataka mkione kwa macho yenu, na wale mliokuwa mnauliza kwenye komenti mbona desktopu yangu imebadilika, jibu ndo hili, nimehama. Sa hivi niko openSUSE Tumbleweed, ambayo ni distro, yaani toleo mojawapo la Linux. Distro niliyotoka siitaji, ila kila keneli mpya, yaani kiini cha Linux, ikija draiva ya kadi ya picha inagoma, skrini nyeusi tii, na una kazi ya watu inasubiri. Nimechoka aisee.

Kuinstoli naruka, mnakujua, ISO, yaani faili la kuinstolia, kwenye flashi unabuti unafuata maelekezo. Kitu kimoja tu: ukifika kwenye kugawa diski iache Btrfs kama ilivyo, huo ni mfumo wa kupanga mafaili kwenye diski, usiweke ext4, ule mwingine, kwa mazoea, uhondo wote uko hapo. Na mfumo usiubane, upe 40 GB kwenda juu, snapshoti zinakula nafasi.

Sasa angalieni hapa. Terminali, naandika sudo snapper list. Mnaiona hiyo orodha? Hizo zote ni snapshoti, yaani hali ya mfumo ilivyokuwa saa fulani, na hakuna hata moja niliyoitengeneza mimi. Kila ukiinstoli au ukiondoa kitu kwa zypper, ile amri ya kusimamia programu, Snapper, programu ya snapshoti, inachukua moja kabla, hiyo iliyoandikwa pre, na nyingine baada, post. Sijaseti chochote, imekuja hivi hivi.

Naharibu sasa, mashahidi ni nyie. Naiambia zypper iondoe Plasma yote, yaani desktopu yenyewe, pamoja na skrini ya kuingilia... inaniuliza niendelee, ndiyo endelea... haya imemaliza, nawasha upya. Oneni, hakuna dirisha, hakuna kishale cha mausi, ni maandishi tu yananiomba jina na nywila. Kwingine hapa ndo ungeanza kutafuta flashi uinstoli upya usiku kucha.

Mimi nawasha tena, na kwenye menyu ile ya GRUB, inayotokea mwanzo kompyuta ikiwaka, nashuka mpaka mstari wa snapshoti, naingia, kila moja ina tarehe na saa yake, nachagua ile pre ya sasa hivi. Enta. Tusubirini kidogo... Hiyooo! Plasma hiyo imerudi, wolpepa yangu, paneli yangu, kila kitu! Ila msikimbie, hapa ndo wengi wanajichanganya, ukiingia kwa njia hii mfumo ni wa kusoma tu, ukiishia hapa na kuwasha upya unarudi kulekule kwenye ubovu. Ukiridhika kwamba uko sawa andika sudo snapper rollback, halafu washa upya kawaida, umemaliza. Na home, folda ya mafaili yako, haijaguswa, kile ulichoandika asubuhi kipo palepale, kwa sababu home iko kwenye sabvolumu yake, yaani sehemu yake ya pekee ndani ya Btrfs, na hairudishwi nyuma na mfumo. Aliyepanga hivi kafikiria mbali jamani.

Mtaniambia Mint, distro nyingine, wana Timeshift, programu yao ya snapshoti. Wanayo, na ni programu nzuri, ila inabidi uiseti wewe, na kwenye ext4 inanakili mafaili kwa rsync, programu ya kunakili, kwa hiyo mara ya kwanza unasubiri. Fedora, distro nyingine tena, wanaweka Btrfs tangu Fedora 33, mwaka 2020 ule, lakini menyu ya kubuti snapshoti unajipangia mwenyewe. Arch nayo, distro ya kujipangia, inawezekana kabisa, wiki yao inaelekeza vizuri mno, ila kazi yote ni ya mikono yako. Hapa unaikuta tayari na bei ni bure, hulipi kitu.

Kinachoniudhi ni kodeki, vile vipande vya programu vya kuchezesha video. Ukifungua video za H.264 mwanzoni nyingine zinagoma, mambo ya hataza hayo, unainstoli opi, programu ndogo ya kutafuta vifurushi, halafu unaandika opi codecs, inakuletea za Packman, hazina ya nje ya openSUSE. Sio ngumu, lakini mgeni atajuaje?

Na mimi nilikuja hapa nikitaka kuwaambia wote mhame leo, ila kadiri ninavyoongea naona sio wote. Tumbleweed inaapdeti muda wote, unatumia zypper dup, sio zypper up, na kuna siku unapakua gigabaiti nzima, kwa hiyo kama bando lako ni dogo angalia Leap, toleo lingine la openSUSE, nayo ina Snapper ileile na imetulia zaidi. Halafu snapshoti sio bakapu, nasisitiza hili, ziko kwenye diski hiyohiyo, diski ikifa zimekufa nazo, mafaili yako nakili kwenye diski ya nje kabla hata hujaanza kuhama.

Video ijayo ni Nvidia kwenye Tumbleweed, mmeiomba sana, kwa hiyo sabskraibu, na andika kwenye komenti una kadi gani na distro gani unatoka, nianze na zile zinazowasumbua wengi.