Salfa kwenye zabibu zangu za Ismani: misimu mitatu, nyota nne

Nina mizabibu 64 Ismani, upande wa barabara ya Iringa kwenda Dodoma. Vipando nilivifuata Dodoma. Huku kwetu kila mtu ni mahindi na alizeti, ukitaja zabibu wanakuangalia kama umepotea njia, lakini ukavu wetu hauko mbali na wa kule, nikasema nijaribu.

Msimu wa kwanza nilipogoa Mei, mvua zimeshakata. Nilikuwa na amani kabisa. Nimekulia kwenye nyanya za Ilula, na kwa mtu wa nyanya ukungu huja na mvua. Mwishoni mwa Juni nikakuta vishada kama vimemwagiwa unga wa sembe. Ukifuta kwa kidole unatoka, ukirudi baada ya siku chache upo tena, na chini yake ganda la punje limeshika makovu ya kahawia. Baadaye punje zikaanza kupasuka, mbegu nje, nyigu wamejaa.

Nikaenda duka la pembejeo mjini. "Ukungu?" "Ukungu." Nikapewa mankozebu, ile ile tunayopiga kwenye nyanya na viazi. Nimepiga mara tatu, hola. Muuzaji simlaumu sana, kwetu ukungu ni neno moja la magonjwa yote. Kwenye zabibu kuna aina mbili, na hapo ndipo hela yangu ilipopotelea. Ubwiri vinyoya ndio unaofanana tabia na ukungu wa nyanya: unataka jani lilowe, unaacha madoa ya njano kama tone la mafuta, na asubuhi ukigeuza jani unakuta manyoya meupe chini. Huo unazuiwa na mankozebu au dawa za kopa. Ubwiri unga ni kitu kingine. Hausubiri mvua. Unapenda hali ya hewa ya wastani, kivuli na hewa iliyotuama, yaani Juni yangu yote.

Aliyenifumbua macho ni mzee aliyeniuzia vipando. Nilimpigia simu, sijamaliza hata kueleza akauliza, "Salfa umepiga?" Nikanyamaza. "Sasa mwanangu, ulikuwa unatibu nini?"

Ninayotumia ni salfa ya asilimia 80, ya chengachenga, pakiti ya kilo moja. Dawa yenyewe ni ya kizamani: ugonjwa huu ulipoonekana kwenye mizabibu ya Margate, Uingereza, mwaka 1845, ni salfa waliyoikimbilia, na mpaka leo ukungu huo haujaizoea. Lebo yangu inasema gramu 40 kwa bomba la lita 16. Nakoroga kwanza kwenye ndoo, nachuja kwa kitambaa nisizibe nozeli, na nikiwa shambani natikisa bomba mara kwa mara maana salfa inazama chini. Ukisahau, mistari ya kwanza inapata dawa na ya mwisho inapata maji.

Msimu wa pili niliivuruga mwenyewe. Ilikuwa Novemba, nimechelewa kufika shamba, nikapiga saa saba mchana jua linawaka. Kesho yake kingo za majani zimekauka kama karatasi iliyopitiwa na moto. Salfa na joto kali haziivani, na sasa napiga asubuhi umande ukishakauka, au jioni. Wala usiipige karibu na dawa yoyote ya mafuta, acha zipite wiki mbili.

Mei iliyofuata nilianza mapema, machipukizi yana urefu wa shibiri, nikarudia kila baada ya siku 12 hivi. Hapo ndipo niliona kazi yake. Vishada vilitoka safi, isipokuwa mizabibu mitano iliyo chini ya mwembe. Hiyo niliipunguza majani yanayofunika vishada ili hewa ipite, na kidogo ikatulia. Kishada kilichoshikwa tayari usitegemee kipone. Salfa inalinda, makovu haiyafuti.

Nyota moja nimeitoa kwa mambo mawili. Macho: inawasha vibaya, nilipiga siku moja bila miwani nikalala na kitambaa cha maji usoni. La pili si kosa la dawa. Mara ya kwanza nilipimiwa kwenye mfuko wa plastiki, hauna lebo, hauna tarehe, na muuzaji akaniambia "weka vijiko viwili." Vijiko gani? Siku hizi nanunua pakiti iliyofungwa tu, yenye namba ya usajili.

Kilo moja imevuka msimu na karibu nusu imebaki. Nimeifunga kwenye ndoo yenye mfuniko, stoo, mbali na gunia la mahindi. Nikipogoa tena naanza nayo.